Diski Iliyogoma Kusomeka

"Mvua itanyesha saa nne."

Mkuu akakata simu. Hakuwa mtu wa salamu.

Msumari, jasusi wake, akatazama saa. Mbili na nusu asubuhi. Alikuwa na siku kumi na tisa katika chumba hicho cha kupanga, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza kuambiwa tangu juzi.

Aliyaelewa. Saa nne malori kumi na moja yangevuka mpaka. Moja lilibeba chanjo bandia za watoto. Lipi? Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta iliyokuwa mezani, aliyompora dereva wa genge la magendo alfajiri ile.

Kabla ya kuporwa, dereva alikuwa ameuvuruga mfumo wake ili isiwake. Njia ilibaki moja: kuiwasha kwa diski ya usakinishaji, kisha kuchungulia mafaili.

Akatumbukiza diski. Akawasha.

Kiza kitupu.

Akampigia Fundi, mwanamke wa makao makuu ambaye hakuwahi kumwona sura.

"Imegoma."

"Ikiwaka tu, bonyeza F12. Chagua ianzie kwenye CD."

"Nimefanya. Inazunguka, inakoroma, inanyamaza."

"Itie kwenye kompyuta yako. Ndani kuna nini?"

"Faili moja. Kubwa."

Fundi akaguna. "Nani huyo kakutengenezea? Kalinakili faili zima zima, kama picha za harusi! Lilitakiwa lichomwe kwenye CD kama taswira ya diski nzima, lijifungue lenyewe. Unayo diski tupu?"

"Moja."

"Choma upya. Kasi ndogo kabisa. Ukikosea, basi tena."

Dakika kumi na tano za kusubiri. Sheria ya kazi ilimtaka akate simu.

Hakukata.

"Umekula, kaka?"

"Bado, dada."

"Ongea chochote basi. Nipo."

Akaanza kumsomea asilimia zilizokuwa zikipanda kwenye skrini. Fundi akazirudia moja moja, diski ikizunguka.

Kitasa kikageuka.

Msumari akachomoa Glock. Yule dereva aliyeporwa, aliyemfuatilia hadi pale, akaingia na kisu mkononi. Kitako cha bastola kikampata nyuma ya sikio. Akaanguka kama gunia.

"Kuna nini huko?" Fundi aliuliza simuni.

"Mgeni. Amelala."

Akamfunga mikono kwa waya wa chaja. Diski ikatoka, ya moto. Akaihamishia kwenye kompyuta ya dereva. F12.

Menyu!

Akachagua kurekebisha mfumo, akafungua dirisha la amri, akapekua folda moja baada ya nyingine.

"Lori la saba. Namba zinaishia mbili, nne, sita."

"Nampelekea Mkuu sasa hivi."

Saa nne na dakika tano simu ikaita.

"Tumelinasa," alisema Mkuu. "Masanduku mia tatu. Polisi wanakuja kumchukua huyo dereva wako. Ondoka, laini zote zinafungwa."

"Naomba kuongea na Fundi."

"Fundi gani?"

Simu ikafa.

Msumari akafuta alama za vidole, akateremka ngazi, akavuka barabara hadi dirisha la tiketi za basi.

"Mko wangapi?" aliuliza karani.

"Mmoja."

"Kiti cha pembeni yako kiko wazi. Unamngoja mtu?"

Akavaa miwani ya jua.

"Hapana. Kata tu."