Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama tulipofika Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, mimi na fundi Elieza, kuangalia gari.

Wiki hiyo nilikuwa nimeangalia magari mpaka nikachoka na binadamu. Yupo aliyepaka rangi juu ya kutu mbichi, kisha akaniambia gari halijawahi kuguswa. Yupo aliyerudisha kilomita nyuma kwa pupa mpaka gari chakavu likaonekana halijamaliza hata safari ya kutoka bandarini. Na yupo dalali mmoja, jasho linamtiririka, aliyeniapia kwa jina la mama yake kwamba moshi ule mweusi ni wa asubuhi tu. Ilikuwa alasiri. Niliwadharau wote, na bado nawadharau.

Lakini gari nilikuwa nalihitaji. Mke wangu Erica alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumba yetu iko Ihumwa, mwisho kabisa wa njia ya vumbi, mahali ambapo giza likishaingia bodaboda hawapokei simu. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza kwa sababu hiyo. Erica alikaa barazani na uchungu wake, na mimi nikawa nawapigia simu watu waliolala. Nilijiapiza haitatokea tena. Nilitaka gari ambalo nikiligeuzia ufunguo linawaka, basi. Mengine yote kwangu yalikuwa mapambo.

Muuzaji aliitwa Denis. Kijana wa ofisini, shati limechomekwa, viatu vinang'aa katikati ya vumbi la uwanja wa marehemu baba yake. Gari lilikuwa limeegeshwa mbali na nyumba, karibu na zizi, pua imeelekezwa barabarani. Bei aliyoitaja kwenye simu ilikuwa ndogo mpaka nilidhani nimesikia vibaya.

"Mbona unauza rahisi hivi?" nilimuuliza.

"Baba amefariki. Mimi nina langu. Hili linanijazia uwanja tu."

Elieza akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakinusa. Akachungulia rejeta. Akaniomba niwashe. Injini ikaitika papo hapo, na kwenye dashibodi sauti ya yule mwanamke wa Kijapani ikasema maneno yake ambayo hakuna mtu Tanzania nzima anayeyaelewa.

"Anasema karibu," Denis alisema.

Hajui Kijapani. Mtu wa kuuza gari lazima adanganye hata pasipo na faida.

Kisha Elieza akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa.

"Bosi, njoo uone. Limelala."

Kweli. Pembe ya nyuma ya kushoto ilikuwa chini, tairi limekaribia kugusa bodi. Elieza akakandamiza upande wa kulia, gari likanesa vizuri. Akahamia kushoto, akakandamiza kwa mikono miwili.

Halikunesa.

"Springi imechoka," alisema, huku akijipangusa mikono. "Hili lilikuwa linabeba magunia. Utapata nyingine sokoni Majengo, nakubadilishia."

Nikamgeukia Denis. Nikamwambia gari lake ni kilema, na kwamba kwa hali ile angenilipa yeye nimwondolee. Nilitegemea abishe. Muuzaji yeyote angebisha.

"Sawa," alisema. "Punguza unavyotaka. Ila uondoke nalo leo."

Nilimwona mjinga. Tukaandikishana, nikamlipa, akanikabidhi kadi ya gari na ufunguo. Elieza akapanda bodaboda iliyotuleta, akaenda zake. Denis akaingia ndani bila kuaga, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani pale mwanamke mmoja alipotokea upande wa zizini. Kitenge kilimziba mdomo. Akainama dirishani kwangu, lakini macho yake yalikuwa nyuma, kwenye kiti.

"Mimi ni Loisi, dada yake Denis," alinong'ona. "Kaka, una mke nyumbani?"

"Ninaye. Mjamzito. Ndiyo maana nanunua gari."

Akafumba macho kidogo.

"Baba yetu alikuwa anaogopwa. Hata na sisi wanawe. Nyumba aliyokwenda kukaa, wenyewe hawakupata usingizi tena... Akafia mjini. Gari la kubebea maiti likawa ghali. Denis akamkalisha hapo nyuma. Mkanda. Kofia. Miwani. Kama mgonjwa anarudishwa nyumbani."

Nilitazama kwenye kioo. Kiti kilikuwa kitupu.

"Sasa kwetu," aliendelea, "marehemu akifikishwa, aliyeshika usukani humwambia, tumefika, shuka. Asipoambiwa, tunazika mwili tu. Mwenyewe anabaki alipokaa."

"Na Denis hakumwambia."

"Alinyamaza makusudi. Na sisi wote tulinyamaza. Hatukutaka ashuke hapa."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, wallahi, mpaka ng'ombe mmoja akageuka.

"Dada, hapo unanipunguzia bei au unanipandishia?"

Hakucheka. "Ukifika kwako, usiseme mmefika. Funga mlango wa gari, ingia ndani, kaa kimya. Basi. Litakuchukua popote. Halijawahi kukataa kuwaka."

Nikaondoka nikiwa nimemwachia vumbi.

Nilipotoka Zuzu nilikuwa naimba. Nilikuwa nawawaza watu hawa, msomi mwenye viatu vya kung'aa na dada yake mwenye kitenge, familia nzima inaogopa kiti cha gari. Mimi nilihamia Dodoma na ofisi yangu, na tangu nifike nimekuwa nikisikia habari za namna hii kila kona. Nilizoea kuzisikiliza nikiwa nakunywa chai.

Kisha nikasikia harufu.

Ugoro. Ugoro mkali, uliochanganyika na mafuta ya ng'ombe. Nikafungua vioo vyote. Upepo ukaingia kwa nguvu... harufu haikutoka.

Ilikuwa nyuma ya sikio langu la kushoto.

Klik.

Mkanda. Mtu asiyejua magari angesema ni jiwe limegonga chini. Mimi najua mlio wa mkanda unapofungwa. Nikajiambia ni gari chakavu, na magari chakavu yana milio yake.

Niliingia kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akaja, akainama, akatabasamu kuelekea nyuma.

"Shikamoo, mzee."

Akasubiri. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Mzee wako ana hasira," aliniambia kwa sauti ya chini. "Haitikii."

Nililipa, nikaondoka. Lakini nitasema ukweli: woga haukukaa. Kilichokaa ni hasira. Mimi, mtu mzima, mwenye akili zangu, nimeshafanywa mtoto na wauza gari wa Zuzu na kijana wa pampu! Kadiri njia ya Ihumwa ilivyozidi kuwa giza, ndivyo nilivyozidi kuwadharau. Na nilikuwa nikijidharau mimi pia kwa kile kijasho chembamba mgongoni.

Erica alikuwa getini na tochi, mkono mmoja tumboni. Aliliona gari akaanza kulia. Akalizunguka akiligusa taa na milango.

"Litawaka kweli? Hata usiku?"

Nikalizima, nikaliwasha. Likaitika. Erica akanikumbatia, na kwa dakika ile nilikuwa mwanaume mwenye furaha kuliko wote Dodoma. Kisha akamulika nyuma.

"Mbona limelala huku?"

Nikamsimulia. Nilimsimulia kama kichekesho, nikiigiza kitenge cha Loisi na sauti yake ya kunong'ona. Erica hakucheka.

"Basi usiseme," aliniambia. "Inakugharimu nini kunyamaza? Tuingie ndani."

Kunyamaza kungenigharimu nini? Hakuna. Lakini nilikuwa nimeshapanda mori. Nikaenda upande wa kushoto, nikafungua mlango wa nyuma, nikainama mpaka chini kama mhudumu wa hoteli.

"Shikamoo, mzee. Tumefika. Shuka, karibu ndani."

Mbwa wa jirani, aliyekuwa akibweka tangu niingie, akanyamaza.

Kisha gari likainuka.

Polepole... kwa mlio mrefu wa springi inayotua mzigo. Pembe ya kushoto ikapanda, ikapanda, mpaka ikalingana na ya kulia. Harufu ya ugoro ikatoka mlangoni, ikanipita kifuani, ikapita kati yangu na Erica. Ikaelekea barazani.

Tochi ikamdondoka Erica.

Ndani ya nyumba yetu, ambamo hapakuwa na mtu, sofa likalia.

Asubuhi yake Elieza alikuja na springi ya Majengo. Akaifungua ile ya zamani, akaisimamisha pembeni ya ile mpya. Zilikuwa sawasawa. Alikuna kichwa, akasema labda limejirekebisha lenyewe, akachukua hela yake ya ufundi. Fundi gani huyo? Tangu siku hiyo gari halijanisumbua hata kidogo.

Linalonisumbua ni sofa. Mto wa kushoto umebonyea. Nilimwita fundi sofa, akabadilisha sponji, na kesho yake ukawa umebonyea tena. Nikamtukana kwamba ameniwekea sponji mbovu ya dukani kwa mjomba wake. Sikuwa na mtu mwingine wa kumtukana.

Kisha uzito ule ukahamia chumbani. Erica aliniamsha alfajiri moja, amejikunja ukutani, mikono yote miwili imefunika tumbo.

"Amekaa miguuni kwangu," alinong'ona. "Godoro limeshuka. Hanitazami mimi... anatazama tumbo."

Nilimpeleka kwa mama yake Kondoa siku hiyo hiyo. Gari liliwaka kwa mguso mmoja, likaenda njia nzima limesimama sawa, na kila nilipotazama kioo nilikuta kiti kitupu. Tulipofika getini kwa mama mkwe nikafungua mdomo, na Erica akanirukia akanifunika kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka tukashuka.

Mtoto amezaliwa huko. Ni wa kike, mzima, ana nywele nyingi. Usiku wa uchungu nilikuwepo, nikageuza ufunguo, gari likaitika. Kwa hilo siwezi kulisema vibaya. Lakini nyumbani siwezi kuwaleta. Erica ameniambia wazi: nyumba ile au sisi.

Nilimpigia Denis simu. Nikamwambia aje amchukue baba yake.

"Baba yangu nilimzika," alisema. "Huyo ni mgeni wako. Ulimkaribisha ndani, tena kwa shikamoo."

Akakata. Mpumbavu yule. Kila jioni nikawa nafungua mlango wa nyuma, naita kuelekea barazani: mzee, panda, twende Zuzu. Nimeita kwa heshima. Nimeita kwa matusi. Nimeita nikilia. Gari halishuki hata kidogo. Mzee amepapenda hapa.

Nikatangaza kuuza nyumba. Bei nzuri. Nzuri kupita kiasi.

Jana jioni alikuja mteja, anaitwa Nurdini. Mtu wa majivuno. Alipita akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, akicheka ufa wa jikoni, akiuliza nani alipiga plasta hii. Alinitazama jinsi mimi nilivyokuwa nikiwatazama madalali. Nilimchukia, na nilimjua.

"Mbona unauza rahisi hivi?"

"Familia iko Kondoa," nilisema. "Hii inanipa kazi ya kufagia tu."

Akasimama mbele ya sofa.

"Na hili, mbona limelala upande?"

"Springi zimechoka."

Akacheka, akapunguza bei. Nikakubali pale pale. Nje, kwenye gari lake, nilimwona mkewe akisubiri, amempakata mtoto mchanga, kofia ya sufu imemfunika masikio. Alinipungia mkono. Nikafungua mdomo nimwite Nurdini pembeni, nimwambie hata neno moja.

Harufu ya ugoro ikanijia shingoni.

Nikaufunga.

"Sofa linabaki?" Nurdini aliuliza mlangoni.

"Linabaki," nilimwambia. "Sikutozi."