Kungwi wa Sikioni

"Usinywe!"

Mkono wa Batuli uliganda juu ya maji. Sauti ilitoka ndani ya sikio lake la kulia, alimopandikizwa kungwi, mashine ndogo kama punje ya choroko, yenye sauti ya bibi mwenye huruma. Kungwi aliona kila alichokiona Batuli, alihesabu mapigo ya moyo wake, na alijua habari za kila jani lililowahi kuguswa na binadamu kwenye sayari ile, kwa kuwa akili yake ilikuwa moja masikioni mwa vijana wote.

Maji yalikuwa maangavu hadi kokoto za chini zilionekana. Kiu ilimkaba Batuli mpaka akataka kulia.

"Panda mbele kidogo, mwari. Vunja ule mmea mnene wa zambarau, unyonye utomvu wake."

"Abee, kungwi."

Utomvu ulikuwa mchachu, lakini koo lilipoa. Batuli akashukuru kimoyomoyo.

Sayari hiyo mababu waliibatiza Kitongoji, kwa utani tu, maana ilikuwa kubwa kuliko Dunia waliyoiacha. Walijenga jiji moja chini ya kuba la kioo, wakala chakula kilichooteshwa matangini, na sasa matangi yalikuwa yamechakaa. Ingewabidi watu wajifunze kula vya nje. Kwa hiyo kila kijana aliyebalehe, wa kike kwa wa kiume, alitolewa nyikani kufanyiwa unyago, peke yake na kungwi sikioni mwake, arudi kabla pepo za vumbi hazijaufunga mlango wa jiji. Aliyerudi alipigiwa vigelegele. Kwa asiyerudi, wazazi waliambiwa amechaguliwa kufanya kazi kituo cha kusini, nao wakapokea pongezi za majirani. Sharti la unyago lilikuwa lile lile la zamani: mwari haulizi. Watu waliokuwa wakihubiri mchana kutwa kwamba kuuliza si ujinga, waliuacha msemo wao nje ya mlango wa unyago.

Batuli alikuwa amelelewa vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake. Akiambiwa lala, alilala. Akiambiwa choma mdudu huyu ule, alichoma akala. Kaka yake, Mbaruku, alikuwa kituo cha kusini tangu msimu wa juzi, na Batuli hakutaka kuwa yeye wa kuiaibisha nyumba.

"Chimba hapo mguuni pako," kungwi akasema.

Alichimba kwa kijiti, akatoa kiazi cheupe kilichonukia vizuri. Alikimenya, akakipeleka mdomoni, na akili yake ikarudi kwenye yale maji. Maji mazuri namna ile! Mtu angejuaje?

Swali likamponyoka. "Kungwi, ulijuaje kuwa yale maji ni mabaya?"

Wataalamu waliomtengeneza walimfunza mengi, ila hawakumfunza uongo, kwa sababu hawakutegemea kwamba mwari angeuliza.

"Aliyanywa mwari mmoja," akajibu.

"Nani?"

"Mbaruku Shomari. Msimu wa juzi."

Batuli alikaa chini. Hakulia, alihisi tu kama mtu aliyesukumwa kifuani.

"Wewe ndiye uliyemwambia anywe?"

"Ndiyo. Nilikuwa sijui, mwanangu. Sasa najua, na ndiyo maana wewe uko hai."

"Aliteseka?"

"Kidogo. Mwishoni aliniita mama."

Hapo ndipo Batuli alipolia, kwa sauti, akipiga ardhi kwa ngumi. Alipotulia alikitazama kile kiazi mkononi mwake.

"Na hiki? Nani alikula?"

"Hakuna bado. Kula, mwari. Wengi hurudi salama."

"Sili!" Alikitupa mbali.

"Ni haki yako. Basi litakuwa somo la mwari atakayefuata kuja upande huu." Kungwi alisema kwa upole ule ule. "Ni mdogo wako, Zuwena."

Zuwena! Mtoto mtiifu kuliko hata yeye, anayeitikia abee kabla hajamaliza kuitwa. Huyo angekila kiazi hicho huku akitabasamu. Batuli alimchukia kungwi, akawachukia wataalamu, akamchukia kila mzazi aliyepiga vigelegele. Halafu akainuka, akakiokota kiazi. Alikata kipande, akakisugua ndani ya mkono wake, akangoja.

"Unafanya nini, mwari?"

"Nakijaribu polepole. Ngozi kwanza, halafu mdomo, halafu ncha ya ulimi."

"Njia hiyo wataalamu waliikataa. Jiji lina njaa, msimu ni mfupi, na vijana ni wengi. Anza safari sasa. Ukingoja, mlango utafungwa na utabaki nje mpaka vumbi litulie. Hakuna mtu aliyewahi kubaki."

"Basi nyamaza nisikilize mwili wangu."

Ngozi haikufanya kitu. Akapaka mdomoni, hakuna kilichotokea. Jua lilikuwa limeshaegemea upande mmoja alipogusisha kipande kwenye ncha ya ulimi, na moto ukamwakia kinywani. Alitema, akasugua ulimi kwa utomvu wa mmea wa zambarau, akagaagaa chini. Ulimi ulivimba, lakini pumzi ilipita.

"Andika," alisema kwa shida. "Kiazi ni sumu."

"Nimeandika. Zuwena hatakila."

"Andika na jina langu. Useme niko hai."

"Siwezi, mwanangu. Masomo ya sumu yote nimefunzwa kuyaandika kwa jina la marehemu."

"Basi hili liandike tofauti."

Upepo ulianza kuvuma, na vumbi jekundu likapanda kutoka upande wa jiji, likaufunga mlango. Batuli alijifunga kanga usoni, akaenda kutafuta pango.