Programu Kutoka kwa Mtu wa Kwetu

Soraya ana sekretariati karibu na soko la Kasongo, mashariki mwa Kongo. Anaandikia watu barua, anatoa fotokopi, anachapa kadi za ndoa. Kompyuta yake ni moja tu, na inatumia umeme wa jua. Mawingu yakitanda, wateja wanangoja. Wananung'unika, lakini wanangoja, kwa sababu Soraya haandiki makosa. Jirani wanamwita Mama Moussa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Wiki ile alikuwa na kazi ya Dieudonnée, msichana kutoka Wamaza anayesomea uuguzi. Ilikuwa kazi yake ya mwisho ya masomo. Soraya alikwisha kuiingiza yote kwenye kompyuta. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono zililowa mvua Dieudonnée aliporudi nazo kwao kwa pikipiki, zikaharibika. Kwa hiyo kazi ilibaki mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta ile. Ijumaa ilitakiwa kufika shuleni. Isipofika, Dieudonnée angerudia mwaka.

Jumanne asubuhi programu ya kuandikia ikagoma. Kwenye kioo yakatokea maneno kwamba muda wa kuitumia umekwisha. Soraya aliweza kuisoma kazi, lakini hakuweza kubadili hata herufi moja. Na mwalimu alikuwa ametaka masahihisho mengi, orodha yake Soraya alikuwa nayo mezani.

Mume wake, Iliasi, hununua dhahabu kule Salamabila. Wiki hiyo alikuwa nyumbani.

"Usihangaike, Mama Moussa," alisema. "Mu groupe yetu ya wana Kasongo, mu WhatsApp, iko mutu anauzisha hii logiciel, hii programu ya kuandikia."

Akampigia simu. Kwetu Kasongo, kabla ya biashara mtu huulizwa kwanza: weye ni wa kwa nani? Muuzaji alijibu vizuri mno. Alitaja mtaa wa babu yake. Alitaja msikiti ambamo babu huyo aliswali. Alituma salamu hata kwa mzee mmoja aliyekwisha kufa zamani. Hapo Iliasi angepaswa kushtuka kidogo, lakini furaha ilikuwa imemziba masikio.

"Iko mutu wa kwetu kabisa," alimwambia mke wake, akatuma pesa kwa simu. Kuhusu programu yenyewe hakuuliza neno.

Faili ikafika, pamoja na ujumbe wa sauti: "Zima antivirus kwanza, itakusumbua. Kisha fungua."

Soraya alikwisha kushika kipanya. Akakiachia.

"Baba Moussa, antivirus ndiyo inalinda mashini. Sababu gani anataka tuizime?"

"Mutu wa kwetu hawezi kutuharibia."

"Na kazi ya ule mutoto? Ngoja nimuite Madame Victorine."

"Unanifezehesha," alisema Iliasi. Alikasirika kweli.

Victorine ni jirani yao. Anafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Alikuja, na kabla ya jambo lolote alinakili kazi ya Dieudonnée kwenye flash, akaichomoa.

"Hii ikae mbali na mashini," alisema. "Sasa hata mashini ikiharibika, kazi haipotee."

Faili ya muuzaji hakuifungua. Aliibonyeza kwa upande wa kulia wa kipanya, akachagua "Propriétés", mahali panapoonyesha habari za faili.

"Muangalie hapa. Faili ya kweli inabeba jina la kampuni iliyoitengeneza. Jina linafungiwa ndani, na mutu akigusa faili, mashini inajua. Linaonekana mahali pameandikwa 'Signatures numériques'. Munaliona?"

Walitafuta. Hapakuwa na jina.

"Pengine walisahau," alisema Iliasi.

"Kampuni kubwa haisahau. Faili ilitoka ku site yao ya internet?"

"Hapana. Mu WhatsApp."

"Alikupa facture, karatasi ya malipo?"

"Hapana."

"Na bei?"

"Ilikuwa ndogo sana."

Iliasi akajitetea: "Lakini huyu mutu namujua, Madame."

"Unamujua yeye?"

"Najua babu yake."

"Baba Moussa, kule Salamabila, shemeji yako akikuletea dhahabu unafanya nini?"

"Naisugua ku jiwe, niipime kama ni ya kweli. Kisha naweka asidi."

"Hata ya shemeji?"

"Hata yake. Yeye naye anaweza kuwa alidanganywa."

Alipomaliza kusema hayo, Iliasi aliinamisha kichwa. Kisha akachukua simu, akamwuliza muuzaji kwenye WhatsApp: "Ndugu, kampuni inakujua kwa jina gani? Nataka kuwauliza." Jibu likaja refu, limejaa salamu na habari za babu. Iliasi akauliza tena. Picha ya muuzaji ikatoweka. Alikuwa amemfungia njia, asiweze kumwandikia tena. Aibu ilimshika Iliasi, hata chai hakunywa.

Walifuta ile faili. Victorine akawaeleza namna ya kufanya.

"Ukitaka kununua, nunua ku site ya kampuni yenyewe, ama kwa muuzaji ambaye kampuni inamutaja pale. Anwani uiandike weye mwenyewe, usifuate ya matangazo. Na iko logiciel ingine ya kuandikia, watengenezaji wenyewe wanaitoa bure. Ya bure siyo ya bandia, kama inatoka kwao."

Walichagua ile ya bure. Victorine aliipakua shuleni kwake, kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Mtandao ulijikokota, faili ikafika Alhamisi. Iliasi alitaka kuipima yeye mwenyewe. Alibonyeza kulia, akafungua "Propriétés", akalinganisha jina na lile la kwenye tovuti, herufi kwa herufi.

"Jina iko," alisema. Wakaifungua bila kuzima antivirus. Mistari ya kazi ya Dieudonnée ilisogea kidogo, Soraya akainyoosha, akaingiza masahihisho, akaichapa kwenye karatasi.

Siku hiyo hiyo Iliasi aliongea kwenye lile kundi bila kuficha kitu. "Niliuliza ukoo, sikuuliza mali," alisema. Mwenye duka la dawa kule Kabambare akamjibu. Yeye alinunua kwa muuzaji yule yule, akazima antivirus, akafungua faili. Sasa faili zake zote zimefungwa, na watu asiowajua wanamdai pesa ili wazifungue. Hakuwa na nakala.

Ijumaa Dieudonnée alifika akiwa na vumbi la njia nzima.

"Mama Moussa, muliniambia kazi itakuwa tayari Jumatano," alilalamika.

Soraya alitaka kujibu. Iliasi akamtangulia.

"Miye ndiye nilichelewesha, mutoto wangu. Unisamehe. Angalia kama iko yote."

Dieudonnée alifunua kurasa akiwa amesimama, moja moja, hadi ya mwisho.

"Iko yote," alisema. Aliikumbatia kazi yake kifuani, akapanda pikipiki kwenda shuleni, na Iliasi akabaki mlangoni akimtazama mpaka alipokata kona.