Goti la Mrefu

Mrefu aligonga kichwa kwenye kibao cha duka la vitambaa, na soko zima likacheka. Ilikuwa saa sita mchana, saa ya kupokezana zamu, barabara imejaa pomoni: wapishi na aproni zao, mafundi bomba na mizigo begani, watoto wa shule wakipenya katikati ya miguu ya wakubwa. Juu yao palikuwa na paa la kioo, na juu ya kioo nyota, zimetulia kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi.

Mji ule ulikuwa unasafiri. Ulikuwa na mitaa, zahanati na mabomba yanayovuja kama mji mwingine wowote, ila chini yake hapakuwa na ardhi. Miaka mia mbili ulikuwa ukielea angani. Umeliacha nyuma Jua la Kale walikozaliwa mababu, unalifuata Jua Jipya ambalo hakuna aliyewahi kuota joto lake.

"Pole, kaka," sauti ikasema chini ya kidevu chake. "Kichwa kitapona. Ila goti lako linachungulia."

Akatazama chini. Kweli, suruali ilikuwa imepasuka, goti liko nje. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la bluu lililofifia kwa kufuliwa, kitambaa cheupe kichwani, na sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi.

"Suruali ni fupi," Mrefu akajitetea.

"Suruali haina kosa. Weka mguu hapa." Akavuta kreti tupu, akapiga magoti, akaanza kushona palepale watu wakiwapita. "Usitikisike. Nikikuchoma usiniite mchawi."

"Wanakuitaje?"

"Sindano. Na wewe?"

"Mrefu."

"Waliokupa jina hawakujichosha."

Mrefu akacheka, na goti likacheza. Akamwambia yeye ni fundi wa nje, wale wanaovaa mavazi mazito na kutoka nje, juu ya ngozi ya mji, kukarabati. Sindano akasimamisha uzi hewani.

"Vazi namba kumi na nne?"

"Umejuaje?"

"Mguu huu naujua. Mimi ndiye ninayelishona. Linanuka sabuni ya manukato. Kule karakana tumekuwa tukijiuliza ni fundi gani anaoga kama bwana harusi."

Mrefu akaona haya mpaka masikioni. Sindano akakata uzi kwa meno, akaenda zake. Kabla hajafika kwenye kona simu yake ikaita.

"Nani amekupa namba yangu?"

"Mwenye duka. Nimenunua mita nzima ya kitambaa nisichokihitaji."

"Cha rangi gani?"

"Cha waridi."

"Basi kilete, nione unavyofanana nacho."

Ndivyo ilivyoanza. Baada ya kazi walikaa kwenye benchi chini ya paa la kioo, Mrefu akimsimulia kimya cha huko nje, kinavyokuwa kinene mpaka unausikia moyo wako kama mtu anayetembea chumba cha pili. Sindano alisikiliza kidevu mkononi. Yeye naye alimsimulia kazi yake.

Kila vazi likishashonwa, mshonaji mwenyewe huliingia. Hufungwa humo, kioo cha usoni kikafunikwa kitambaa cheusi ili asitegemee macho, naye husali sala ndefu yote toka mwanzo hadi mwisho. Hewa ikibaki kamili, hutia sahihi kwenye ukosi. Ikipungua, vazi huning'inizwa kichwa chini. Vazi lisilo na sahihi halitoki nje, na lililopinduliwa halisimamishwi na mtu mwingine ila yule aliyelipindua.

"Kwa hiyo umenisalia mara tatu kabla hujaniona," Mrefu akasema.

"Nilikuwa nasalia mishono," Sindano akasema, lakini alitabasamu akitazama nyota.

Shida ilikuwa moja. Sindano alikuwa binti wa Msomaji.

Nyumba ya Sala ilikuwa mkiani kabisa mwa mji, na ilikuwa na dirisha moja la duara lililotazama walikotoka. Kila asubuhi Msomaji alisimama mbele ya dirisha lile, Jua la Kale likionekana dogo kama tundu la sindano, akasoma sala na watu wakaitikia. Mababu walikuwa wameahidi mbele za Mungu kwamba hawataligeuzia mgongo. Na sasa tangazo lilikuwa limebandikwa kila kona: mji umekaribia Jua Jipya, na ili upunguze mwendo lazima ugeuke mzima, mitambo ya nyuma itangulie mbele. Mafundi wa nje watatoka kufungua vifungo vya mitambo kwa mikono. Zimebaki siku tatu. Wakikosa siku hiyo, mji utalipita Jua Jipya, na mbele ya hapo hakuna kitu.

Mji ukigeuka, dirisha nalo litageuka. Watu wa sala watakuwa wameinamia jua la kigeni.

Asubuhi ya siku ya kwanza, Sindano aliingia ndani ya vazi namba kumi na nne. Alifika nusu ya sala akasikia kitu chembamba kama mtu anayenong'ona, chini, gotini. Mshono ulikuwa umechoka. Vazi lilikatwa kwa watu wa kawaida, na Mrefu hakuwa mtu wa kawaida. Akatoka, akalipindua, akaenda kutafuta kipande cha kuongezea.

Ghala halikuwa na kipande cha aina ile. Alipozunguka na kurudi saa nane, alikuta mavazi kumi na manne yote yananing'inia kichwa chini.

"Baba yako amehubiri mchana huu," alisema Mama Pasi, msimamizi wa karakana, mama mnene asiyeachana na pasi yake. "Amesema hawezi kumkataza mtu, ila kila mkono uulize dhamiri yake. Wenzako wamerudi wakakuta lako limeshapinduliwa. Wakasema, binti wa Msomaji ametangulia. Wakakufuata."

Sindano alifungua mdomo aseme juu ya goti. Wanawake wale wakamzunguka, wakamshika mikono, mmoja akambusu paji la uso. Akaufunga.

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Tangu mama yake afariki walikuwa wawili tu kwenye meza moja, na miaka mingi hakuwa amemwona baba yake akiwa na uso ule wa furaha. Mzee alimwekea chakula yeye mwenyewe. "Mwanangu," alisema, "nilidhani imani nitakufa nayo peke yangu." Sindano akala akiwa ameinamisha kichwa.

Simu ikaita akiosha vyombo.

"Mpenzi, nilikuwa nataka kukupigia..."

"Nimeliona vazi langu."

"Goti linavuja."

"Goti." Mrefu akacheka bila furaha. "Mavazi kumi na manne, yote goti linavuja?"

"Ya wengine siyajui. Lako linavuja."

"Limepita mara tatu. Mara ya nne, siku baba yako anahubiri, linavuja. Na mji mzima unasema wewe ndiye uliyeanza. Haya, kama si kweli, umemkanushia nani? Nitajie mtu mmoja tu."

Maji yalitiririka kwenye beseni. Sindano hakuwa na jina la kutaja.

"Sawa," Mrefu akasema taratibu. "Nilidhani nina mtu. Kumbe nina fundi."

Akakata.

Siku ya pili Sindano alipita chini ya paa la kioo, benchi lilikuwa tupu. Alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Karakana ilikuwa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Mama Pasi alimvuta pembeni.

"Kuna mavazi matatu ya zamani ghalani, ya kabla ya sheria ya sahihi. Wakubwa wameuliza nani atajitolea kuyavaa. Mrefu wako amekuwa wa kwanza kuinua mkono."

"Yale? Mama, ile mishono ukivuta uzi unabaki na unga!"

"Mimi naijua. Unayejua pia ni wewe." Akarudi kwenye pasi yake.

Usiku huo Sindano hakulala vizuri. Siku ya tatu, alfajiri, kabla taa za mtaa hazijawaka zote, aliketi mbele ya baba yake na chai ikawa inapoa katikati yao.

"Baba, goti lilikuwa linavuja."

"Goti gani?"

"La vazi namba kumi na nne. Sikulipindua kwa ajili ya ahadi. Ulipofurahi nikanyamaza. Nimekudanganya kwa kunyamaza."

Mzee akaweka kikombe chini polepole. "Na kama lisingevuja?"

"Ningetia sahihi."

"Kwa ajili ya yule kijana."

"Unamjua?"

"Binti, unaongea na simu bafuni saa nzima. Ukuta wenyewe wa bati."

Sindano akajikuta anataka kucheka na kulia. Baba yake hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Sina vita na kijana wa watu," akasema. "Ila mimi nimesali miaka hamsini nikiliona lile Jua. Likiondoka, nitajuaje naelekea wapi?"

"Baba, mimi nasali gizani kila siku ya kazi. Wananifunika kioo. Sioni nyota, sioni hata vidole vyangu. Na sijawahi hata siku moja kuhisi Mungu amenipoteza."

Sindano alingoja, akaosha vikombe, akafunga kitambaa chake cheupe. Mlangoni aligeuka. Baba yake hakuwa amempa baraka, wala hakuwa amemkataza.

Karakana wenzake walimtazama akilishusha vazi. Alifumua goti. Kwa kuwa kipande hakikupatikana, alikata kingine kwenye ukosi wa vazi lake mwenyewe la majaribio, lile alilojifunzia kushona, upana wa vidole viwili, akashona mara tatu, mshono juu ya mshono. Mama Pasi akamfunga ndani, akamfunika kioo.

Giza. Harufu ya sabuni ya manukato. Sindano akaanza sala, neno kwa neno, bila haraka, na alipofika nusu akasikiliza gotini. Palikuwa kimya. Akaendelea mpaka mwisho.

Akatoka, akatia sahihi, akalining'iniza vazi kichwa juu, mbele ya kila mtu. Hakuhubiri. Alikaa akaanza kuokota nyuzi sakafuni.

Baada ya muda mwanamke wa mashine ya pili alisimama. "Langu halikuwa na kosa lolote," akasema kama anaiambia dari, akalisimamisha lake. Kufikia saa tano yalikuwa yamesimama tisa. Matano yalibaki kichwa chini, na hakuna aliyewagombeza walioyapindua. Tisa yalitosha.

Mrefu alikuja kwenye dirisha la karakana kuchukua lake. Akalipapasa goti, akakiona kipande cha rangi tofauti.

"Umeongeza."

"Vidole viwili. Bado unakua?"

"Kwa hiyo kweli lilivuja."

"Lilivuja."

Akaegemea dirisha. "Nilisema maneno mabaya, Sindano."

"Ulisema una fundi. Mshukuru Mungu unaye." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini uliniuliza nimemkanushia nani, sikuwa na jina. Sasa ninalo. Nimemwambia baba."

Mrefu aliinuka ghafla kusema kitu, akagonga kichwa kwenye fremu ya dirisha. Karakana nzima ikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

Mji uligeuka saa tisa alasiri. Nyumba ya Sala ilijaa. Msomaji alisimama mbele ya dirisha na kitabu chake, na Sindano nyuma kabisa, mlangoni, simu yake imeunganishwa na laini ya mafundi. Hakuna kilichotikisika. Ni Jua la Kale tu lililoanza kusogea, polepole kama tone kwenye kioo, mpaka ukingoni mwa dirisha, halafu likawa halipo. Wanawake wawili watatu wakalia kwa sauti ndogo.

Kisha mwanga ukaingia. Haukuwa mweupe kama wa taa zao. Ulikuwa wa manjano, wenye joto, ukatambaa sakafuni, ukapanda juu ya miguu ya wazee, na kila mtu akaona kivuli chake kimelala kirefu nyuma yake, laini, kama nguo aliyoivua. Watoto walivinyooshea mikono vivuli vyao.

Msomaji akakishusha kitabu. "Binti," akaita. "Yule kijana anatusikia?"

"Yuko nje, baba. Anasikia."

"Muulize. Analiona lile Jua letu?"

Simu ikakwaruza. "Naliona, Mzee. Liko upande wa mlango wenu, nyuma ya ukuta. Dogo, jeupe, palepale lilipokuwa siku zote. Halijaenda popote."

Mzee akafunga kitabu, akalipa kisogo dirisha. "Basi na tugeuke."

Wakageuka. Waliozoea kuchelewa na kukaa nyuma wakajikuta mstari wa mbele, hawajui waweke wapi mikono. Msomaji alitembea urefu wote wa chumba mpaka mlangoni, akasimama kando ya binti yake mbele ya ukuta mtupu. Akafumba macho. Sala aliijua kwa moyo.

Walipomaliza kuitikia, simu ikakohoa.

"Mzee, bado upo? Nina ombi. Ningependa kuja kwako na wazazi wangu, kuhusu binti yako."

"Mrefu, fungua kwanza hicho kifungo!" sauti za wenzake zikapiga kelele.

"Unaposa huku unaning'inia nje ya mji?" Msomaji akauliza, akiichukua simu mkononi mwa binti yake.

"Nimefungwa kamba, Mzee."

Mzee alimrudishia Sindano simu. "Hili halijibiwi na mimi."

Nyumba nzima ya Sala ikamgeukia, hata waliokuwa wakilia.

"Mrefu," Sindano akasema.

"Naam, kipenzi."

"Goti?"

"Halivuji hata kidogo."

Mwanga wa manjano ulikuwa umemfikia mabegani. Akaupima mlango wa Nyumba ya Sala kwa macho, kisha akaukumbuka ule wa nyumbani kwao, mfupi zaidi.

"Ukija," akasema, "uiname mlangoni."