Uzito wa Tierney

Habari hii nilipewa na shemeji yangu, Silas Peckham, na mwisho wake niliuona mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya Oktoba, mwaka 1903, Newport. Dada yangu alimpakulia Silas maharage ya kuoka na mkate mweusi, akamnyooshea kola, akamwacha aende kazini. Ghubani zilikuwa zimetia nanga manowari nne mpya za chuma, zote nyeupe. Silas alikuwa ametumikia moja kwa miaka mitatu. Siku hiyo alihamia kwenye nyambizi.

Nyambizi ile ilikuwa na namba tu, haikuwa na jina. Ilibeba watu saba na injini ya petroli. Ilikuwa rahisi kuyumba kiasi kwamba mtu mmoja akipiga hatua tatu kwenda mbele, pua iliinama. Kwa hiyo kila mtu alipimwa kwenye mizani pale gatini, akapangiwa mahali, na maji ya matangi yakapunguzwa au kuongezwa kufuatana na uzito wao. Wakishazama, hakuna aliyesogea bila ruhusa. Aliyetaka kusogea aligonga chuma mara tatu. Luteni, mkuu wa nyambizi, akisema "Sogea," mtu mwingine alikwenda kukaa alipotoka yule wa kwanza, ili boti isipinduke.

Silas alipewa mahali pa Dermot Tierney, kisanduku cha kukalia kilichokuwa nyuma kabisa, kando ya injini. Tierney alikuwa amefia hapo wiki tatu kabla, kwa mvuke wa petroli, siku ambayo wakubwa kutoka Washington walikuwa gatini wakitazama. Taarifa ya Luteni Voorhees ilisema marehemu hakuomba kutoka.

"Usikizoee hicho kisanduku," Lindqvist, fundi wa injini, alimwambia Silas alipokaa. "Kina mwenyewe."

"Mwenyewe si amezikwa, fundi?"

"Nimekuuliza? Nyie wa meli kubwa mna midomo. Kaa, unyamaze."

Kopo la kahawa lilipita mkono kwa mkono. Lilipofika kwa Silas, likamruka.

Kifuniko kilifungwa saa nne. Injini ikazimwa, mota ya umeme ikawashwa, wakazama.

Kwenye futi ishirini, pua iliinuka. Mkia ulikuwa mzito. Luteni, aliyesimama katikati chini ya mnara, aliangalia pimamaji.

"Peckham, ulipimwa ratili ngapi?"

"Mia moja hamsini na nne, afande."

"Hapo ulipokaa kuna zaidi ya mia tatu."

"Mkewe kamshindilia maharage!" mtu alisema, wakacheka.

Luteni aliamuru maji yatolewe kwenye tangi la nyuma. Pampu ilifanya kazi mpaka boti ikalala sawa. Lindqvist hakucheka. Alikuwa akisoma kipimo cha maji yaliyotoka.

"Mia moja sabini na mbili," alinong'ona. "Tierney alikuwa mia moja sabini na mbili."

Ndipo chuma kikagongwa. Mara tatu. Karibu na goti la Silas.

"Nani anaomba?" Luteni aliuliza.

"Si mimi, afande." Silas aliinua mikono yote miwili.

"Hakuna kusogea."

Kikagongwa tena. Mara tatu. Kisha tena.

"Nimesema hakuna!"

Ubao wa kisanduku alichokalia Silas uliinuka kidogo, kama unavyoinuka jirani yako anaposimama. Kiputo cha pimamaji kilisogea. Kikasimama. Kikasogea tena. Hatua moja. Hatua nyingine. Taa zilikuwa zinawaka na hakuna aliyeona kitu. Walisikia harufu ya petroli ikipita mbele ya nyuso zao, mmoja baada ya mwingine.

Pua iliinama. Tangi la nyuma lilikuwa limepungua, na hapakuwa na kitu cha kuvuta mkia chini. Wakafungua hewa ya kusukumia maji nje ya matangi. Boti iliendelea kushuka. Futi hamsini. Futi sitini. Chuma kile kiliundwa kuhimili futi mia.

"Aliomba siku ile, Voorhees," Lindqvist alisema. Hakusema afande. "Mara tatu. Nilisikia. Na wewe ulisikia."

"Funga mdomo."

"Ulitaka boti itulie mbele ya wakubwa. Mimi nikanyamaza. Mpe ruhusa mtu huyu."

Futi sabini na tano. Ribiti moja ya kuungia chuma ilichomoka, ikagonga ukuta wa pili. Maji yakaingia, membamba kama sindano.

Luteni alifumba macho.

"Tierney," alisema. "Sogea."

Boti haikuinuka. Futi themanini na tano.

"Lazima mtu aende mahali pake, afande," Silas alinong'ona.

Hakuna aliyejitolea. Wote walimtazama Luteni. Akaenda nyuma, hatua kumi na moja. Silas alijibana ukutani kumpisha. Luteni akakaa.

Boti ikalala sawa. Ikaanza kupanda.

Gatini, kifuniko kilipofunguliwa, boti iliinuka ghafla, kama inavyoinuka mtu anaposhuka. Hakuna aliyekuwa ameshuka. Watu sita walitoka. Silas alirudi kumwita wa saba.

"Afande, tumefika."

Midomo ya Luteni ilikuwa ya buluu.

"Bado sijapewa ruhusa," alisema.

Walimbeba.

Voorhees aliishi miaka sita nyumbani kwa dada yake, Bi Cornelia, kwenye kiti kando ya dirisha. Ukimwambia "Sogea," aliuliza, "Nani atakaa hapa?" Alifia kitini.

Baada ya mazishi Bi Cornelia aliniita, akanionyesha kiti kile. Miguu yake minne ilikuwa imezama kwenye sakafu ya mbao. Nilipima kwa rula: nusu inchi.

"Na tangu azikwe hajakaa mtu," alininong'oneza.

Nilirudi baada ya miaka miwili. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo muda wote huo, na vumbi lilikuwa kila mahali isipokuwa kwenye kiti. Nilipima tena. Inchi moja na robo. Mbao zilikuwa zimepasuka kuzunguka miguu, na ndani ya mipasuko ile mti ulikuwa bado mweupe, kama uliopasuka jana.