Posa Iliyoahirishwa

Mnada wa kwanza wa korosho msimu ule ulifanyika kwenye ghala nje kidogo ya mji wa Nachingwea, na kama kuna mahali pabaya pa kuanzia mapenzi, basi ni pale. Vumbi, jua la Oktoba, na wakulima waliokunja nyuso kwa sababu bei iliyosomwa haikuwapendeza. Walikuwa wanapiga kelele neno moja tu: hatuuzi.

Aliyetumwa kuwatuliza alikuwa mwanasheria wa halmashauri, Harithi Ausi, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alipanda juu ya gunia akaanza kuwasomea kanuni za mnada. Gunia likateleza. Mwanasheria akashuka nalo mpaka miguuni pa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa Mkotokuyana, Zuena binti Rahimu, aliyekuwa amevaa dera la kijani na kuchomeka kalamu kwenye kilemba.

"Kaka mwanasheria," Zuena akamwambia, "kanuni inasemaje kuhusu kuanguka?"

"Inasema aliyeona amsaidie aliyeanguka, na asisimulie."

"Kukusaidia sawa. Kutosimulia, hapo umenionea."

Harithi akacheka huku anajipangusa. Korosho hazikuuzwa siku ile, lakini namba ya simu ya Zuena ilipatikana, na jioni yenyewe ikapigwa.

"Nani mwenzangu?"

"Yule wa gunia."

"Ah, marehemu. Umefufuka?"

Wakaanza hivyo. Harithi akamwita Karani wangu, naye akaitwa Wakili wa Magunia, na ilikuwa haipiti siku bila simu. Akienda Kilimarondo, ambako tembo walikuwa wamemaliza mashamba ya watu na yeye ndiye aliyewasimamia wakulima mpaka madai yao yakasikilizwa, alipanda kichuguu kutafuta mtandao ili amwambie Zuena amekula nini. Zuena alicheka mchana, kisha akalala na hofu. Alikuwa anawasikia wakulima ghalani wakisema kijana huyu si wa kukaa ofisini, huyu atakwenda bungeni. Na rafiki yake Dionisia, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, alishamwambia kwamba wakubwa hawaoi makarani, huwapitia tu.

"Ukipanda juu utanisahau," alimwambia Harithi siku moja.

"Mbona unaniogopea yasiyokuwepo?"

"Naogopa kwa sababu nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningelala."

Baada ya mfungo, Harithi akamtuma mzee wa mtaani kwake, Mzee Swalehe, awe mshenga. Mzee akafika Mkotokuyana na pete na doti mbili za kanga, kishika uchumba, na baba yake Zuena, Mzee Rahimu, akavipokea. Zuena akajiona amefika. Wiki zile zile wanawake wa kata wakamchagua kuwa mjumbe wao wa chama cha siasa, mmoja wa wale watakaopiga kura za maoni kumpata mgombea ubunge. Naye Harithi, watu wa Kilimarondo wakimsukuma, akaiacha ofisi akachukua fomu ya ubunge katika chama hichohicho.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtia nia akimpa mjumbe hata soda, huitwa mtoa rushwa na jina lake hukatwa. Harithi aliijua kanuni hiyo vizuri, na alipotambua kwamba kishika uchumba chake kiko mikononi mwa mjumbe, aliogopa. Akafanya kile ambacho mwanasheria hufanya shauri likikutana na siku mbaya: akaliahirisha. Akamrudisha Mzee Swalehe kwa wakwe aseme suala lisimame kwanza, litaendelea baadaye. Ajabu ya wasomi ndiyo hiyo. Mwana wa Nachingwea mzima, na hakuna aliyemwambia kwamba mshenga harudi kwa wakwe kuomba nafasi. Akirudi na neno la kusubiri, posa imekufa, na kinachobaki ni kurudishiana vitu.

Mzee Rahimu hakugomba. Aliingia ndani, akatoka na kanga na pete, akaviweka mkekani mbele ya mshenga.

"Mwambie tumeelewa," alisema.

Zuena alikuwa nyuma ya mlango. Akampigia Harithi mara tatu, simu ikaita tu. Kesho yake akafunga nguo akaenda Ruangwa kwa shangazi yake Hadija, mahali ambapo hakuna mtu angemuuliza harusi lini.

Lakini hata Ruangwa alifuatwa. Alikuwa sokoni anachagua dagaa pale mwanamume mmoja mnene, mwenye fulana ya kola na miwani ya jua, aliposimama ubavuni mwake. Alijitambulisha kwa jina la Fortunatus, mtu wa karibu wa mtia nia mwingine.

"Dada Zuena, pole kwa yaliyokukuta," alisema kwa sauti ya msibani. "Jumamosi kabla ya kura utaulizwa mbele ya wajumbe kama Harithi alileta kitu kwenu. Ukisema ndiyo, amekwisha. Na wewe moyo utapoa."

"Nikisema hapana?"

"Tunao waliomwona mshenga. Utaonekana mwongo, naye amekwisha vilevile. Sema ndiyo tu, dada yangu."

Aliondoka akimwacha Zuena na dagaa mkononi, asijue ameshawalipia au bado. Hasira alikuwa nayo, na bado wazo kwamba yeye ndiye atakayemwangusha Harithi kwa mdomo wake lilimtisha. Njiani akapiga simu. Safari hii ikapokelewa.

"Harithi, watu wananitisha. Jumamosi nitaulizwa. Niseme nini?"

Harithi akajibu kwa sauti kavu: "Siwezi kuongea na wewe kabla ya mkutano. Itaonekana nakupanga. Nisamehe."

"Mimi ni nani kwako?"

"Zuena, nisamehe." Simu ikakatwa.

Usingizi ukampotea. Shangazi Hadija akampikia uji wa ufuta, Zuena akaurudisha jikoni kama ulivyo. "Mwanangu," shangazi alimwambia, "usiende. Mjumbe akiugua si kosa." Zuena akatamani kweli augue. Jumamosi alfajiri akapanda gari la Nachingwea.

Ukumbi ulijaa. Watia nia walikaa mbele, Harithi akiwa wa mwisho upande wa dirisha, amekonda, shati lake safari hii halina pasi. Mwenyekiti wa mkutano, Bi Albina, mama wa makamo aliyesuka nywele za mistari, akasoma lalamiko, kisha akamwita Zuena asimame.

"Mjumbe, unaulizwa. Huyu Harithi Ausi aliwahi kuleta posa au kitu chochote nyumbani kwenu?"

Zuena alimwona Fortunatus kwenye nguzo, amekunja mikono. Alimtazama Harithi, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Akafikiri: nikisema ndiyo namwua, nikisema hapana labda atapona, na mimi nitakuwa nimemkana kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Hajawahi kuniposa. Simjui kwa hayo."

Ukumbi ukaguna. Harithi akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mama mwenyekiti, naomba kusema. Mjumbe hajasema kweli, na anafanya hivyo kwa ajili yangu. Nilimposa. Nilipeleka pete na kanga kabla yeye hajachaguliwa kuwa mjumbe na kabla mimi sijachukua fomu. Nilipoona tunaingia kwenye kanuni, nikamtuma mshenga akaahirishe."

"Akafanye nini?" Bi Albina aliuliza.

"Akaahirishe posa, mama."

Akina mama wa viti vya nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kwa nguvu kama kijana huyu alilelewa na nani. Harithi hakucheka.

"Kama jina langu ni la kukatwa, likatwe," alisema. "Ila asisimame hapa kunikana. Hilo siliwezi."

Bi Albina aliinamiana na wenzake, kisha akatoa uamuzi: Zuena atoke, hatapiga kura, na lalamiko lipelekwe ngazi za juu za chama pamoja na matokeo. Zuena akatoka akakaa kwenye ngazi za nje, anamlilia Harithi aliyejiharibia kwa ajili yake na wakati huohuo moyo unamwimbia. Kura zilipohesabiwa, Harithi alishinda kwa chache. Kisha zikafuata wiki za kusubiri jina lirudi kutoka juu, na kila simu ilipolia Mkotokuyana, Zuena alishika kifua kwanza. Jina likarudi bila kukatwa. Kampeni zikapita, uchaguzi ukapita, na mwanasheria wa halmashauri akawa mbunge.

Kabla ya kwenda Dodoma kuapa alifika kwa Mzee Rahimu akiwa na Mzee Swalehe, bila msafara, viatu vimejaa vumbi. Majirani walijaa uani. Mzee Rahimu alimwacha akae mkekani muda mrefu bila kumwambia karibu.

"Wewe ni mheshimiwa sasa," alisema mwishowe. "Huko kuna wengi. Mwanangu alishaaibika mara moja kwa ajili yako. Sitajibu mimi. Ataitwa yeye."

Kwa desturi binti akiulizwa mbele ya wazee huinamisha kichwa, na kimya chake ndiyo ridhaa. Zuena alitoka na kanga kichwani. Hofu yote ilikuwa palepale: Dodoma na umbali wake, maneno ya Dionisia, simu zinazoita bila kupokelewa.

"Zuena, unamtaka huyu?" baba aliuliza.

Zuena hakuinamisha kichwa. Alimtazama Harithi usoni.

"Mbele ya ukumbi mzima nilisema simjui," alisema. "Leo nasema namtaka. Ninaogopa sana, baba, lakini namtaka."

Mzee Rahimu akavuta pumzi, akamkaribisha mgeni akae vizuri.