Jiwe Lisilo na Baridi

Kila Jumamosi asubuhi Chancelvie aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akaenda kwa Tantine Mathilde, mdogo wa mama yake. Tantine aliishi mtaa wa wafanyakazi wa reli mjini Kamina. Kwa vikombe na beseni zilizojaa mezani pake, mgeni angemdhani mpishi. Lakini Tantine hakuwa akipika. Alikuwa akitengeneza mawe.

"Vaa glavu, fungua dirisha," alisema. "Harufu ya rezini si ya kuchezea. Inaingia kifuani."

Chancelvie alikuwa na miaka kumi na miwili, na leo kwa mara ya kwanza aliachiwa kazi yote. Alipima kikombe kimoja cha rezini, gundi nzito ing'aayo kama kioo, na kimoja cha dawa ya kuigandisha, sawasawa. Akakoroga polepole ili mapovu yasiingie. Uji ule akaugawa mara tatu, akautia rangi: kijani hafifu, kijani kilichokolea, na nyeusi kidogo.

Mezani kulikuwa na vipande viwili vya malakiti ya kweli, jiwe la kijani lenye mistari, kimoja kama ngumi, kingine kama ukucha wa kidole gumba. Marehemu mume wa Tantine, fundi wa reli, alivileta kutoka Kolwezi. Chancelvie aliitazama mistari yake, akamimina rangi kwenye kalibu ya kidani, akapitisha njiti mara moja tu. Rangi zikajikunja zenyewe, duara ndani ya duara.

Walifunika kalibu kwa beseni. Jumapili, walipotoka kanisani, Chancelvie alikitoa kidani chake, akakisugua kwa msasa laini na maji, akakifuta kwa kitambaa. Kijani kikawaka. Jana kilikuwa uji kikombeni. Leo kilionekana kama kitu kilicholala ardhini tangu kabla ya watu kuzaliwa.

"Tantine, minyi njo nilifanya hii?"

"Nani mwingine? Minyi nilikuwa nimekaa tu." Tantine naye alikitazama muda mrefu. "Lakini mtu akiuliza, unasema ni rezini. Umesikia?"

Jumatatu baada ya masomo, Chancelvie alikaa sokoni na vidani vya Tantine, na chake katikati. Watu waliinama, wakauliza, wakasikia jibu, wakapita. "Ah, plastiki!" alisema mmoja.

Plamedi, mwanafunzi mwenzake aliyeuza mandazi kando yake, akacheka. "Weye na rezini yako! Sema iko jiwe. Utalala hapa mpaka krismasi."

Neno "plastiki" lilikuwa bado linamchoma Chancelvie alipofika Mama Bolingo, mke wa askari wa Base, kambi ya jeshi ya mji ule. Mama huyo alikichukua kidani kile kwa vidole viwili, kama yai.

"Mutoto, hii iko jiwe ya kweli?"

"Ndiyo, mama. Malakiti ya Kolwezi."

Mama Bolingo alilipa bila kubishana. "Kesho tunasafiri kwenda Mbandaka kwa baba yangu. Alikuwa askari hapa zamani. Sasa haoni tena. Ameniomba kitu kimoja: jiwe la kijani la Katanga, aliweke shavuni, asikie baridi yake."

Akaondoka. Chancelvie alibaki na pesa mkononi. Mistari ile yote mizuri, mzee hataiona. Atakiweka shavuni, na rezini haina baridi ya jiwe. Atajua papo hapo kwamba binti yake kamletea uongo.

Mama Bolingo alikuwa tayari amepanda pikipiki. Chancelvie akakimbia.

"Mama! Simama! Si jiwe!" Nusu ya soko iligeuka. "Iko rezini. Niliitengeneza minyi. Nilikudanganya."

Mama Bolingo alikiweka kidani shavuni. Uso wake ukabadilika. "Weye mutoto! Ungeniaibisha mbele ya baba yangu!"

Chancelvie alimrudishia pesa huku akilia. "Twende kwa tantine wangu, mama. Tafadhali."

Tantine Mathilde alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alichukua kile kipande kidogo cha malakiti, akakifumba mkononi kitambo, kisha akampa mgeni.

"Mpelekee mzee."

Mama Bolingo alikigusisha shavuni, akafumba macho. Alipoyafumbua, alikitazama tena kidani cha rezini.

"Na hiki niuzie," alisema. "Hiki kitakuwa changu mwenyewe. Nitawaambia watu wa Mbandaka mutoto wa Kamina alikitoa kwenye uji wa vikombe hivi. Hawataamini."

Alipokwenda, Chancelvie aliangalia mahali palipokuwa na kile kipande kidogo. "Tantine, unisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kitu chako kilikuwa kizuri, Chancelvie. Kizuri kwa jina lake halisi. Ukikipa jina la uongo, hata mtu aliyekipenda atakichukia, na mwingine atalipia uongo wako. Kazi ya mikono yako iseme ukweli." Akasogeza vikombe. "Haya, vaa glavu."

Chancelvie akaenda kufungua dirisha.